Maswali ya Wasomaji: Nani Aliivunja Miji ya Bonde la Indus?

Katika toleo lililopita tuliweka picha moja ya Bafu Kubwa la Mohenjo-daro na maelezo ya mistari miwili, na mistari hiyo miwili imetuletea barua nyingi kuliko makala ndefu tulizoandika mwaka huu. Tumechagua barua sita. Kwa wale ambao hawakuliona toleo hilo, tunazungumzia ustaarabu uliostawi kando ya mto Indus na mito jirani yake, katika nchi ambayo leo ni Pakistani na kaskazini-magharibi ya India, kati ya mwaka 2600 na 1900 KK hivi, pamoja na jamii ya Waarya iliyofuata, ambayo tunaijua kwa tenzi zake ziitwazo Veda.

Ndugu Mjibu Maswali, mmeandika kwamba watu wa Mohenjo-daro walikuwa na vyoo na mitaro ya maji machafu zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Nauliza kama mjenzi, si kama mwanahistoria: walijengea nini, na ilikuwaje maji yasiibomoe kazi yao?
*Fundi mwashi, Tanga*

Fundi, ahsante kwa swali hili, kwa sababu watu wengi wanaouliza habari za Mohenjo-daro huanza na sanamu na mihuri, wakati sifa kubwa ya mji ule imo katika tofali.

Tofali la kawaida la nyumba lilikuwa na unene wa sentimita 7, upana wa 14 na urefu wa 28, na yale makubwa ya kuta za mji na majukwaa yalikuwa 10 kwa 20 kwa 40. Vipimo vinatofautiana lakini uwiano ni ule ule, 1 kwa 2 kwa 4. Wewe huhitaji kuelezwa faida yake: matofali mawili yakilazwa kwa upana yanalingana na moja lililolazwa kwa urefu, kwa hiyo fundi hupishanisha safu bila kukatakata, na viungo vya safu ya juu havikutani na vya safu ya chini. Uwiano huo unaonekana Mohenjo-daro, katika Sindh, na unaonekana pia Harappa, katika Punjab, karibu kilomita 600 kutoka hapo. Mafundi ambao pengine hawakuonana maisha yao yote walikuwa wakijengea kipimo kimoja.

Palipohusika na maji, walitumia matofali ya kuchoma. Matofali mabichi yalitosha kwa majukwaa na kuta nyingi, lakini bafu, mtaro na kisima vilijengwa kwa yaliyochomwa. Katika Bafu Kubwa, ambalo lina urefu wa mita 12 hivi, upana wa mita 7 na kina cha mita 2.4, matofali yalisimamishwa kwa ubavu na kubanwa sana, yakaunganishwa kwa jasi, na nyuma yake ikapakwa lami ya asili ili maji yasipenye.

Nyumba nyingi zilikuwa na chumba cha kuogea chenye sakafu ya matofali iliyoinamishwa kidogo kuelekea pembe moja, na hapo maji yalipita katika tundu la ukuta hadi mtaro wa barabarani. Mtaro huo ulifunikwa kwa matofali au mabamba ya mawe yanayoweza kunyanyuliwa, na mahali pengine palichimbwa shimo dogo ambamo taka nzito zilizama kabla maji hayajaendelea. Hayo yote yanamaanisha kwamba alikuwapo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunyanyua vifuniko na kuzoa uchafu. Hatuna sanamu yake.

Lakini kilichonivutia mimi kuliko vyote ni visima. Vilikuwa vya duara, na matofali yake yalitengenezwa kwa umbo la kabari, membamba upande wa ndani na mapana upande wa nje, ili udongo unapousukuma ukuta wa kisima, duara lizidi kujikaza badala ya kubomoka. Makisio ya watafiti ni kwamba Mohenjo-daro peke yake ilikuwa na visima kama 700. Wachimbaji wa karne ya 20 walipoondoa udongo wa pembeni ili kufika kwenye sakafu za zamani, visima vilibaki vimesimama peke yake, virefu kama mabomba ya moshi ya kiwanda, na mgeni asiyejua hudhani ni minara.

Kama watu hao walijua kuandika, mbona hatujui hata jina la mfalme wao mmoja?
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Nairobi*

Maandishi yapo kwa maelfu, lakini ni mafupi mno. Mengi yamo katika mihuri midogo ya jiwe laini la jamii ya jiwe la sabuni, ambayo huonyesha mnyama, mara nyingi wa pembe moja, na juu yake alama chache. Kwa wastani kila andiko lina alama 5, na refu kabisa lina 26. Alama zenyewe zipo kama 400, idadi kubwa mno kuwa alfabeti na ndogo mno kuwa mfumo wa neno moja alama moja, kwa hiyo wengi hufikiri ni mchanganyiko wa maneno na silabi. Kwa kawaida yalisomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Tunajua hivyo kwa kuwa mwandishi akiishiwa na nafasi, alama hubanana upande wa kushoto.

Maandishi ya Misri yalifunguka kwa sababu jiwe la Rosetta lilikuwa na maneno yale yale kwa Kigiriki. Kwa Indus halijapatikana andiko la lugha mbili, na lugha yenyewe haijulikani. Mtaalamu wa Kifini Asko Parpola amefanya kazi ya miaka mingi kutetea kwamba ilikuwa ya jamii ya Kidravidi, ndugu wa Kitamili cha leo. Mwaka 2004 watafiti watatu walikwenda mbali zaidi, wakadai kwamba hayo si maandishi bali ni nembo tu, jambo ambalo wenzao wengi hawakulikubali. Mwezi Januari 2025 Waziri Kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu, M. K. Stalin, alitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeyafumbua.

Sababu ya pili ya kutojua jina la mfalme ni kwamba huenda mfalme mwenyewe hakuwapo. Baada ya miaka mia moja ya uchimbaji, hakuna jengo linaloweza kuitwa ikulu bila mabishano, hakuna kaburi la kifahari kama yale ya Misri au ya Ur, mji wa kale katika Iraki ya leo, hakuna ukuta wenye picha ya mtawala anayewapiga mateka. Ipo sanamu maarufu ya mwanamume mwenye ndevu na joho lenye maua, iitwayo Mfalme Kuhani. Ina urefu wa sentimita 17.5, inatosha mkononi, na cheo cha ufalme na cha ukuhani amepewa na wachimbaji. Miji hiyo iliongozwa, hilo halina shaka, kwa maana mtaro wa mji haujisafishi wala mawe ya mizani hayajisawazishi. Lakini kama ilikuwa ni baraza la wafanyabiashara, koo kubwa au makuhani, mabaki hayasemi.

Ndugu Mhariri, nafundisha historia sekondari. Daftari nililofundishiwa mimi lilisema Waarya walikuja na farasi, wakaivamia miji ya Harappa na kuwaua wenyeji. Mwanafunzi wangu mmoja amesoma kwingine kwamba hakukuwa na uvamizi wowote, na mwingine kwamba Waarya hawakutoka popote, walikuwa wenyeji. Nimwambie nani kwamba amekosea?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, daftari lako limekosea, mwanafunzi wa kwanza amesema kweli kwa sehemu kubwa, na wa pili umpe nafasi ya kujitetea, kisha umwonyeshe ushahidi. Naomba niende polepole.

Miji hii iligunduliwa na wanaakiolojia kwa kuchelewa. Alexander Cunningham alifika Harappa katikati ya karne ya 19, na mwaka 1875 alichapisha picha ya muhuri mmoja bila kutambua ulikuwa wa zamani kiasi gani. Wakati huo huo makandarasi wa reli ya Lahore hadi Multan walikuwa wakichota matofali ya Harappa na kuyaponda ili kutandika njia ya garimoshi. Ni mwaka 1921 ndipo Daya Ram Sahni alipoanza kuchimba Harappa, na mwaka 1922 R. D. Banerji akaanza Mohenjo-daro, ambako alivutwa na hekalu la Kibudha lililojengwa juu ya kilima. Hakujua kwamba kilima chenyewe kilikuwa mji. Mwezi Septemba 1924 John Marshall aliutangazia ulimwengu kwamba India ilikuwa na miji wakati mmoja na Sumeri, kusini mwa Iraki ya leo.

Tatizo lilianzia hapo, kwa sababu habari za Waarya zilikuwa tayari zimezoeleka. Tangu William Jones aonyeshe mwaka 1786 kwamba Kisanskriti, lugha ya Veda, kina undugu na Kigiriki na Kilatini, wasomi walikuwa wakiwatafutia wasemaji wake njia ya kuingilia India. Mortimer Wheeler alipochimba Harappa mwaka 1946 na kukuta ukuta mnene wa boma, alikumbuka kwamba katika Rigveda, iliyo ya zamani kuliko Veda zote, mungu Indra huitwa mvunja ngome. Ngome zilizovunjwa ni zipi? Akaona ni hizi. Mifupa ya watu wasiofika 40 iliyokutwa Mohenjo-daro, baadhi yao wakiwa wamelala ovyo barabarani na vyumbani, ikawa ndiyo maiti za mauaji, na kesi ikafungwa.

Mwaka 1964 mwanaakiolojia George Dales aliifungua tena. Alionyesha kwamba mifupa hiyo haikutoka katika tabaka moja la udongo, kwa hiyo watu hao hawakufa siku moja. Wengine walizikwa haraka haraka katika nyumba zilizokwisha hamwa. Hapakuwa na silaha zilizotapakaa, wala mji ulioteketea. Uchunguzi wa baadaye wa mifupa yenyewe haukukuta majeraha ambayo mtu angeyatarajia mahali pa mauaji ya halaiki. Jambo la msingi zaidi ni tarehe: Mohenjo-daro ilikuwa imekwisha kuchakaa kufikia mwaka 1900 KK, na tenzi za Rigveda hukadiriwa kutungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 KK. Mtu hawezi kushtakiwa kwa kuvunja nyumba iliyoanguka karne kadhaa kabla hajafika.

Basi miji ilikwishaje? Tabaka za juu za Mohenjo-daro zinaonyesha mji uliochoka: nyumba kubwa zimegawanywa vyumba vidogo, tanuri za kuchomea vyungu zimewekwa katikati ya barabara, mitaro imeziba na haikuzibuliwa. Hali ya hewa ilibadilika. Kuanzia mwaka 2200 KK hivi mvua ziletwazo na pepo za kusi zilidhoofika, na ukame wa nyakati hizo umeacha alama pia Misri na Mesopotamia, yaani Iraki ya leo. Mto Ghaggar-Hakra, uliokuwa na makazi mengi kandokando yake, ulibaki kuwa kijito cha msimu. Biashara ya mbali ilipungua. Watu walihama kidogo kidogo kwenda mashariki, kuelekea Haryana na bonde la Ganga, na kusini hadi Gujarati, wakaishi vijijini. Walipohama, waliacha vitu ambavyo vina maana mjini tu: mihuri, maandishi, mawe ya mizani yanayolingana.

Sasa mwanafunzi wa pili, asemaye Waarya walikuwa wenyeji. Dai lake lina wafuasi wengi na lina siasa nyingi ndani yake India ya leo. Mwaka 2019 zilitolewa tafiti mbili za vinasaba. Moja ilisoma vinasaba vya mwanamke aliyezikwa Rakhigarhi, mji mkubwa wa ustaarabu huu katika Haryana, ikakuta kwamba hakuwa na asili yoyote ya wafugaji wa nyika za Asia ya Kati, ambao ndio wanaohusishwa na Waarya. Nyingine ilionyesha kwamba asili hiyo, ambayo leo imo ndani ya mamilioni ya Wahindi, iliingia Asia ya Kusini kati ya mwaka 2000 na 1500 KK. Ukiunganisha na ushahidi wa lugha, na pia kwamba farasi, mnyama anayetajwa kila mahali katika Rigveda, haonekani katika muhuri hata mmoja wa Indus ingawa wamo tembo, kifaru, nyati na simbamarara, ni vigumu kushikilia kwamba watunzi wa Veda ndio waliojenga Harappa. Walikuja, lakini walikuja kwa makundi, kwa vizazi vingi, katika nchi ambayo miji yake ilikuwa imekwisha kulala, wakaoana na wenyeji.

Hao Waarya waliishije, ikiwa hawakuwa na miji? Na je, wao ndio walioleta matabaka ya kuzaliwa India?
*Msomaji wa Bukoba*

Waliishi kwa ng'ombe. Katika Rigveda mali ni ng'ombe, malipo ya mtunga utenzi ni ng'ombe, na mojawapo ya maneno yake ya vita ni *gavishti*, ambalo maana yake halisi ni kutafuta ng'ombe. Walilima shayiri, walipanda magari mepesi ya vita yaliyokokotwa na farasi, na nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, ndiyo maana mwanaakiolojia hupata taabu kuwaona. Hali yao ni kinyume kabisa cha Harappa, na huo ndio ugumu mzima wa kuandika historia ya kipindi hiki: jamii ya kwanza imetuachia majengo bila neno moja tunaloweza kulisoma, na ya pili imetuachia maneno mengi bila jengo hata moja.

Maneno hayo yalihifadhiwa kwa kichwa. Rigveda ina tenzi 1,028, na kwa muda mrefu sana kuziandika kulihesabiwa kuwa ni kuzivunjia heshima. Ili neno lisipotee, wanafunzi walikariri kwa namna mbalimbali. Kwanza walisoma mstari kama ulivyo, kisha neno moja moja, kisha kwa kuunganisha, la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la nne. Baadaye kwa kwenda na kurudi, la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, tena la kwanza na la pili. Mwenye kukosea silabi moja kwa njia moja atasahihishwa na njia nyingine. Msomaji aliyekaa na mahafidhi ataelewa nidhamu hiyo bila maelezo zaidi. Mwaka 2003 UNESCO iliutambua usomaji huo kuwa urithi wa binadamu.

Tunajua kwamba miungu yao ni ya zamani kwa sababu ya hati iliyokutwa mbali sana na India. Katika mkataba wa karne ya 14 KK kati ya Wahiti na ufalme wa Mitanni, katika nchi za Syria na Uturuki ya leo, miungu iliyoitwa kuwa mashahidi ni pamoja na Mitra, Varuna na Indra.

Wao kwa wao walipigana pia. Utenzi mmoja unasimulia vita vya wafalme kumi, ambamo Sudas, kiongozi wa kabila la Bharata, aliwashinda wapinzani wake kwenye mto Parushni. Mto huo leo huitwa Ravi, na magofu ya Harappa yamo kandokando yake. Utenzi hauyataji hata kwa neno. Jina la kabila hilo la Bharata ndilo ambalo India inalitumia leo kujiita katika lugha zake, Bharat.

Sasa matabaka. Utenzi wa 90 wa kitabu cha 10 cha Rigveda unaeleza kwamba mtu wa kwanza alipotolewa kafara, kinywa chake kilikuwa makuhani, mikono yake mashujaa, mapaja yake watu wa kawaida wenye kuzalisha mali, na miguu yake ikatoa watumishi. Hapo ndipo makundi manne ya *varna* yanapotajwa pamoja kwa mara ya kwanza. Lakini wataalamu wengi wanakubaliana kwamba utenzi huo ni wa mwisho mwisho katika mkusanyiko, na katika utenzi mwingine mtunzi mmoja anajieleza kuwa yeye ni mshairi, baba yake tabibu, na mama yake msagaji wa nafaka. Watu wa aina hiyo hawakubanwa na kazi ya ukoo. Kwa hiyo wazo la kuwapanga watu lilimea miongoni mwao, lakini kizuizi kikali cha kuoana na kula pamoja ni kazi ya karne nyingi zilizofuata, na mimi sioni haki kuwatwika wafugaji wa mwaka 1200 KK mzigo wote.

Wafugaji hao wenyewe walibadilika. Katika Rigveda limo neno *langala*, yaani jembe la kukokotwa, na wanaisimu huliona kuwa si la asili ya Kiarya. Wamelikopa kwa wenyeji. Inafaa ujue kwamba huko Kalibangan, katika Rajasthan, wachimbaji walifukua shamba lililolimwa kwa jembe la namna hiyo kabla ya mwaka 2800 KK, likiwa na matuta yanayokatana, yale ya upande mmoja yamekaribiana na ya upande wa pili yameachana, na wakulima wa jirani walipoulizwa walisema ndivyo wanavyopanda wao pia, dengu huku na haradali kule. Utaratibu wa shamba ulidumu, wakati maandishi yalisahauliwa. Baada ya chuma kuenea, kutoka mwaka 1000 KK hivi, walihamia bonde la Ganga, na miji ikarudi karibu na mwaka 600 KK, wakati wa Buddha. Maandishi tunayoweza kuyasoma yalianza kuonekana kwa wingi katika karne ya 3 KK, Mfalme Ashoka alipochora amri zake juu ya miamba na nguzo.

Jirani yangu ni Kalasinga, na ameniambia kwamba Singh maana yake ni simba. Je, neno letu la simba limetoka kwao?
*Msomaji wa Kisumu*

Hapana. Singh inatokana na neno la Kisanskriti *simha*, na kufanana kwake na simba kunashangaza kweli. Lakini simba ni neno la Kibantu, lina ndugu zake katika lugha za bara ambazo hazikuwa na mawasiliano na Wahindi, na mabadiliko ya sauti zake yanafuata kanuni za Kibantu. Ikiwa unatafuta neno la Kisanskriti katika mazungumzo yako ya kila siku, chukua *laki*: limetoka katika *laksha*, yaani 100,000, likapitia vinywa vya wafanyabiashara wa Kihindi hadi kwenye madaftari ya hesabu ya pwani.

Assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati. Nimesikia kwamba watu wa Indus walifika Oman. Ni kweli? Na je, sisi wa Afrika ya Mashariki tulikuwa na uhusiano wowote nao?
*Msomaji wa Maskati*

Waalaykum salaam. Ni kweli, na huna haja ya kwenda mbali kuuona ushahidi. Ras al-Jinz, pale ambapo leo watu huenda kutazama kasa wakitaga, vimekutwa vigae vya mitungi ya Indus, kimojawapo kikiwa na alama za maandishi yao. Waandishi wa Mesopotamia waliiita Oman Magan, nchi ya shaba, na bonde la Indus karibu wataalamu wote wanakubali kuwa ndilo waliloliita Meluhha. Sargon, mfalme wa Akkad huko Mesopotamia, katika karne ya 24 KK, alijisifu kwamba majahazi ya Meluhha, Magan na Dilmun, yaani Bahrain ya leo, yalitia nanga katika gati ya mji wake. Upo hata muhuri wa mtu aliyeitwa Shu-ilishu, ambaye kazi yake imeandikwa: mkalimani wa lugha ya Meluhha.

Bidhaa iliyopendwa kuliko zote ilikuwa akiki. Katika makaburi ya kifalme ya Ur zimetoka shanga ndefu za akiki nyekundu zilizotengenezwa na mafundi wa Indus, na mtafiti Jonathan Mark Kenoyer alipojaribu kuzitoboa kwa zana za mawe kama zao, keekee ilikwenda milimita 2.5 kwa saa. Shanga ya sentimita 6 ni siku tatu za kutoboa tu, bila kuhesabu kuchagua jiwe, kulichoma ili liive wekundu, kulichonga na kuling'arisha. Ufundi huo haukufa pamoja na miji. Mji wa Khambhat, Gujarati, bado unatengeneza shanga za akiki, na shanga za Gujarati zimechimbuliwa katika miji ya kale ya Waswahili. Ila hizo ni za zaidi ya miaka 2,500 baada ya Mohenjo-daro, na nisingependa mtu aseme mabaharia wa Harappa walifika Kilwa.

Uhusiano wa zamani zaidi upo kwenye zizi na ghala. Ng'ombe wa nundu, ambaye picha yake imo katika mihuri ya Indus na ngozi ya shingo inayoning'inia imechorwa mkunjo kwa mkunjo, alifugwa kwanza upande ule, huko Mehrgarh katika Balochistan, na kizazi chake ndicho kilichotapakaa hadi kwa Waborana na kwa wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki. Ufuta pia asili yake ni Bara Hindi, na ulikuwa ukitumika Harappa.

Nafaka zilikwenda upande wa pili. Mtama, uwele na ulezi ni mazao ya Afrika. Ulezi ni wa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, na uwele ni wa Sahel. Mazao hayo yalifika India wakati miji ya Indus ilipokuwa ikififia na katika karne zilizofuata, na kwa kuwa hustahimili ukame na hupandwa kwa mvua za majira ya joto, yaliwafaa hasa wale waliotoka mijini na kwenda kuanza upya Gujarati. Nyumba nyingi za huko mpaka leo huandaa chapati nene ya rangi ya kijivu, inayofinyangwa kwa viganja bila kusukumwa, na kuliwa na samli na sukari guru. Wao unga wake huuita *bajra*. Ni uwele.